Mume Leicester, mke Tukuyu: karatasi zinazokwamisha viza ya mwenza

Mke au mume aliyeko Tanzania akitaka kumfuata mwenzake Uingereza, huomba viza ya mwenza. Kwanza mdhamini. Yule aliyeko Uingereza awe raia wa huko, au ana ukaazi wa kudumu, au ana hadhi ya ukimbizi; hao ndio hasa wanaoweza kumwita mke au mume kwa njia ya familia. Kijana wetu aliyeingia kwenye viza ya kazi ya kuhudumia wazee kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawezi kuleta mke, mume wala mtoto kama tegemezi wake. Mwanafunzi aliyeanza masomo Januari 2024 au baadaye naye karibu sawa na huyo, labda awe anasoma shahada ya utafiti kama ya uzamivu. Tunaanza hapa kwa sababu wapo watu Mbeya mjini wanaotozwa hela ya kufungua faili kwa ndoa ambayo mdhamini wake hana hata sifa ya kudhamini. Mwambie akuonyeshe hadhi yake ya uhamiaji kabla hujatoa nauli ya Dar. Siku hizi inakaa mtandaoni, zile kadi za ukaazi ziliisha muda mwisho wa mwaka 2024.

Mdhamini akiwa na sifa, kazi kubwa inayobaki ni ya kalenda. Karatasi za faili hili zina umri tofauti. Nyingine ni kama maharage, unaweka stoo mwaka mzima na hayaharibiki: cheti cha ndoa, pasipoti, matokeo ya mtihani wa Kiingereza ambayo hukaa miaka 2. Nyingine ni kama maziwa. Cheti cha kifua kikuu kina miezi 6. Karatasi za mshahara na benki zinahesabiwa kwa siku 28. Anayeanza na maziwa halafu akaenda kutafuta maharage, akirudi anakuta maziwa yamechacha, na anaanza tena.

Basi anza na ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla. Bwana harusi anayeshuka uwanja wa Songwe na likizo ya wiki mbili, akidhani atafungishwa bomani Ijumaa na kuondoka Jumapili, amechelewa tayari. Ndugu waliopo nyumbani waende mapema ofisini kwa Mkuu wa Wilaya waulize taarifa inapelekwaje wakati mmoja yuko nje. Kanisani kuna matangazo ya Jumapili tatu, nayo yapangwe kabla tiketi haijakatwa. Na ukishafunga, iwe kwa Moravian Rungwe au parokiani Tosamaganga, usiondoke na kile cheti cha kupamba ukutani peke yake. Unachotaka ni cheti cha serikali chenye namba. Baada ya muda nenda ukahakikishe kwa msajili kwamba nakala ya mfungishaji ndoa ilimfikia, maana cheti unacho mkononi na kumbukumbu iliyoko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ni vitu viwili, na siku ubalozi ukiulizia, ataulizwa RITA.

Ndoa ya kimila nayo ni ndoa kwa sheria ya Tanzania. Shida yake ni kwamba mahari ikishalipwa na wazee wakishakunywa, watu huona mambo yamekwisha. Sheria inawataka wanandoa waombe kuisajili ndani ya siku 30. Kutosajili hakuifuti ndoa, ila kunakuacha huna cha kumwonyesha ofisa aliyekaa mezani Uingereza. Barua ya posa anaweza kuisoma ikitafsiriwa, lakini haiwezi kusimama mahali pa cheti, na mshenga hana mhuri.

Kichukue cheti chenyewe, kaa nacho mezani pamoja na pasipoti mbili, usome herufi kwa herufi. Huku kwetu jina ni mtego mkubwa kuliko pesa. Mtu amebatizwa Anna, shuleni ameandikwa Atupele, NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa, imechukua Atupele na jina la babu, pasipoti imefuata NIDA, halafu mchungaji ameandika Anna kwa sababu ndivyo anavyomfahamu tangu kipaimara. Majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- nayo yana tabia ya kupoteza herufi moja kutoka ofisi hadi ofisi. Tazama pia tarehe za kuzaliwa, na mahali palipoandikwa hali ya ndoa ya awali: wapo waliojaziwa "hajaoa" wakati wana talaka, na fomu ya viza inauliza habari za ndoa zilizopita. Kosa la cheti lirekebishwe kwa aliyekitoa kabla ya kuomba. Kiapo mbele ya wakili, kinachosema Anna na Atupele ni mtu mmoja, kinasaidia kwa tofauti ndogo za zamani kama cheti cha darasa la saba. Kwa cheti cha ndoa kilichoandikwa mwaka huu kiapo ni kiraka, na ofisa anaona kiraka. Na bibi harusi asikimbilie kubadili jina la ukoo kufuata la mume katikati ya mchakato. Sheria haimlazimishi, na akibadili pasipoti itabidi NIDA na benki zifuate. Hayo yanaweza kusubiri.

Kama mmoja aliwahi kuolewa au kuoa, hati ya talaka ya mahakama ndiyo inayotakiwa, au cheti cha kifo. Muhtasari wa kikao cha ukoo kilichorudisha ng'ombe wa mahari hautoshi, hata ukiwa na sahihi kumi na mbili. Njia ya halali hupitia baraza la usuluhishi wa ndoa, linalotoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo mahakama inasikiliza. Hapo usihesabu wiki, hesabu miezi. Aliyefunga ndoa ya pili kabla ya talaka hiyo kutoka ana tatizo ambalo hakuna stetimenti ya benki itakayolitibu.

Sasa pesa. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mdhamini anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Zamani ilikuwa 18,600, na shangazi zetu walioko huko siku nyingi bado wanawashauri watu kwa hesabu ile ya zamani. Mshahara wa mwombaji aliyeko Tanzania hauhesabiwi hata kidogo, awe meneja wa benki Iringa au mkulima wa parachichi Rungwe. Mdhamini anayepokea baadhi ya malipo ya ulemavu au ya kumhudumia mgonjwa haguswi na kiwango hiki. Yeye anapimwa kama pesa inawatosha kuishi.

Mdhamini aliyeko kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi analeta slipu za mshahara za miezi 6, stetimenti za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha mshahara uleule ukiingia, na barua ya mwajiri inayosema ni mwajiriwa, analipwa kiasi gani, tangu lini, na kwa mkataba wa aina gani. Slipu na stetimenti ziongee lugha moja. Slipu ikisema 2,050 zimelipwa mkononi na benki ikaonyesha 1,700 kwa sababu mwajiri alikata mkopo, andikeni maelezo na muweke ushahidi.

Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Kwa mwenye mshahara wa mwezi usiobadilika, ofisa huangalia kiwango cha chini kabisa ndani ya ile miezi 6 na kukigeuza kuwa cha mwaka. Pauni 29,000 kwa miezi 12 ni kama 2,417 kila mwezi. Bwana harusi akija Desemba kwenye harusi yake Uyole kwa likizo isiyo na malipo, slipu ya Desemba inashuka, na faili likipelekwa Machi, Desemba imo ndani. Ama achukue likizo yenye malipo, ama asubiri mwezi ule utoke kwenye ile miezi 6. Anayelipwa kwa saa ana nafuu, kwa sababu yake huchukuliwa wastani: jumla ya miezi 6 ifike 14,500, mwezi mmoja ukilegea mwingine unaubeba. Aliyehamia kazi mpya ndani ya miezi 6 anaangukia mlango mwingine wenye vizingiti viwili, mshahara wa sasa ufike 29,000 na alichopokea kweli katika miezi 12 iliyopita nacho kifike. Kwa hiyo mtu akiwa na kazi inayofika kiwango, asiiache kwa kazi nzuri zaidi miezi miwili kabla ya kuomba. Hii tunaisema sana na inasikilizwa kidogo.

Akiba inaweza kuziba pengo, na hesabu yake ni hii: pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi, halafu unaweka pengo mara 2.5. Mwenye kipato cha 27,000 ana pengo la 2,000, mara 2.5 ni 5,000; akiba yake iwe 21,000. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500. Pesa iwe imekaa kwenye akaunti ya benki miezi 6, na inaweza kuwa ya mwombaji aliyeko Tanzania, kwa shilingi, ikabadilishwa kwa kiwango cha siku ya kuomba. Salio la M-Pesa si akiba ya aina hii. Kuna nafasi moja wengi hawaijui: pesa iliyotokana na kuuza nyumba au ardhi ndani ya miezi hiyo 6 inakubaliwa, mradi mali ilikuwa ya mmoja wenu au yenu wote tangu mwanzo wa miezi hiyo, na umiliki unaonekana kwenye hati. Mtu wa Mafinga mwenye shamba lenye hati, akiliuza, pesa ile inaweza kuhesabiwa mara moja. Akivuna miti tu na kuuza mbao, hakuuza ardhi. Pesa hiyo itakaa benki miezi 6 kama nyingine. Na shamba lililonunuliwa kwa karatasi ya mtendaji wa kijiji, bila hati, sisi tusingelitegemea.

Zile siku 28 ni hizi: karatasi ya mwisho ya mshahara na ya benki isiwe na zaidi ya siku 28 siku maombi yanapolipiwa mtandaoni. Siku ya kulipa ndiyo siku ya kuomba, siyo siku ya alama za vidole. Sasa weka hapo pembeni kipimo cha kifua kikuu, uone kwa nini tunasisitiza mpangilio.

Kipimo hufanywa kwenye kliniki iliyoidhinishwa tu, na hapa nchini maana yake ni safari ya Dar es Salaam, kliniki ya IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hospitali ya rufaa Mbeya inaweza kukupiga picha safi kuliko hiyo na haitapokelewa. Mwenye kifua safi anaondoka na cheti bila kuchelewa. Lakini picha ikionyesha kovu, hata la ugonjwa ulioisha zamani, utatoa makohozi siku 3 mfululizo na kuoteshwa kwake maabara huchukua hadi wiki 8. Mtu aliyekwishaomba stetimenti mpya kwa mdhamini siku ile ile aliyopanda basi atazitupa. Kipimo kitangulie, stetimenti zifuate. Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu abebe kadi yake ya matibabu na picha za zamani, na apange malazi ya siku kadhaa. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Hutaki kuzirudia kwa ajili ya kopo la makohozi. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha. Mtoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi picha, lakini lazima apelekwe aonekane na apewe cheti chake.

Kiingereza ni kiwango cha A1, yaani ngazi ya chini kabisa, kusikiliza na kuongea, cha chini kuliko watu wanavyoogopa. Kosa lenyewe huwa ni kufanya mtihani usio sahihi: IELTS ya kawaida ya kuombea chuo, wakati inayotakiwa ni ile ya uhamiaji wa Uingereza. Jina ni moja, kusudi mbili. Mwenye digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza, kwa mfano ya Mzumbe, MUST au Chuo Kikuu cha Iringa, anaweza kuacha mtihani akaomba uthibitisho wa Ecctis, ofisi ya Uingereza inayolinganisha vyeti vya nje, kwamba digrii yake ni sawa na ya Uingereza na ilifundishwa kwa Kiingereza. Ataanzia kwa msajili wa chuo kupata barua ya lugha ya kufundishia.

Ushahidi kwamba mnaishi kama mke na mume. Lazima muwe mmeonana ana kwa ana. Mihuri ya pasipoti na tiketi zinasema hilo. Picha 15 zinatosha, za tarehe tofauti, na wazazi wawemo. Risiti za kutuma pesa kila mwezi zina uzito kuliko albamu nzima ya harusi. Mazungumzo ya WhatsApp ndiyo huleta balaa: watu hupakia kurasa 300. Chagua mbili au tatu kwa kila mwezi, tarehe ionekane, na namba ya simu ionekane badala ya "Mpenzi" na vikopa. Kila kisicho Kiingereza kitafsiriwe, na tafsiri iwe na kauli ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano yake. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Ila kama nusu ya mazungumzo ni "ugonile" na nusu ni "kamwene", yaani Kinyakyusa na Kihehe vimechanganyika, chagueni kurasa za Kiswahili, mjipunguzie kumtafuta mfasiri ambaye huenda hayupo. Maongezi ya bili ya maji na mtoto anayekohoa ni mazuri kuliko nakupenda hamsini.

Makazi hatuyakawizi: mkataba wa pango, na barua ya mwenye nyumba inayoruhusu mtu wa ziada. Chumba cha kushirikiana na vijana wanne hakitapita.

Mtoto wa uhusiano wa awali ana faili lake, ada yake, na swali lake gumu. Mama anapomwombea mtoto wake ambaye baba yake mzazi yuko hai Makambako, barua ya baba ya "nimeridhia" haimalizi kazi. Kinachopimwa ni nani amebeba malezi peke yake: nani anaamua shule, nani anatia sahihi hospitalini, nani analipa. Mtoto aliyelelewa na bibi Njombe si tatizo kwa yenyewe, mradi ionekane bibi alikuwa anafuata maamuzi ya mama. Leteni barua ya mwalimu mkuu inayotaja jina la anayeitwa shuleni, kadi ya kliniki, risiti za ada zenye jina la mama. Kama baba ndiye amekuwa akilipa ada miaka yote, semeni hivyo na mtafute ushauri wa mwanasheria kabla ya kulipa chochote; kuficha ni kibaya zaidi.

Gharama, kwa viwango vya mwaka 2025: ada ya viza ilikuwa pauni 1,938, na tozo ya afya pauni 1,035 kwa mwaka iliyotozwa kwa miaka 3, yaani 3,105. Jumla ilikuwa 5,043 kwa mtu mmoja, bila basi wala gesti. Tozo ya afya ya mtoto ilikuwa 776 kwa mwaka. Ada hupandishwa mara nyingi mwezi Aprili, kwa hiyo Machi si mwezi wa kuzubaa. Mdhamini alipe mwenyewe kwa kadi yake. Baada ya hapo mwombaji anachukua miadi Dar ya picha na alama za vidole, nyaraka zinapakiwa mtandaoni, na muda wa kawaida wa kusubiri ni wiki 12. Pakieni wenyewe nyumbani, faili moja kwa kila aina, kwa majina yanayoeleweka, badala ya kuskani kila kitu kituoni siku ya miadi huku foleni inasukuma.

Wakikataa, tozo ya afya hurudi, ada ya viza hairudi. Barua itaonyesha kama una haki ya rufaa; ukiwa nje ya Uingereza una siku 28 kuikata. Kama sababu ni karatasi iliyokosekana, kuomba upya kwa kawaida ni haraka kuliko kusubiri mahakama. Kama ofisa anasema ndoa si ya kweli, au malezi ya mtoto si ya mama, hapo rufaa ina maana. Kabla ya kuomba upya tazama kwanza tarehe ya cheti cha kifua kikuu.

Viza ikitoka ni ya miezi 33, na aliyeipata ataruhusiwa kufanya kazi lakini hatadai ruzuku za serikali. Kabla haijaisha ataomba miezi 30 mingine, na safari hiyo Kiingereza ni A2, ngazi inayofuata A1. Watamwomba barua zilizokuja nyumbani kwao kwa muda wote huo, zenye majina ya wote wawili au jina la kila mmoja kwenye anwani ileile, kutoka ofisi zisizopungua 3. Kwa hiyo wiki ya kwanza akifika Leicester, kabla hajazoea baridi, bili ya maji au ya umeme iandikwe majina mawili, na bahasha zisitupwe.